Kampuni ya kompyuta ikifa, michoro yake inabaki kuwa mali ya nani?

Fundi wa Mwanjelwa (mleta uzi)

Wadau, habari za leo. Wakubwa zangu, shikamooni.

Msimu wa baridi uliopita, shule moja ya zamani upande wa Rungwe iliamua kusafisha stoo yake, na kwa kuwa natengeneza redio na televisheni hapa Mwanjelwa, Mbeya, kwa mwaka wa ishirini na mbili sasa, waliniita nikaangalie kama kuna kinachofaa kabla hawajachoma moto vilivyobaki. Chini ya mabunda ya madaftari ya mahudhurio tulikuta bati la biskuti lililofungwa kwa kamba ya katani. Ndani yake mlikuwa na kompyuta ndogo nyeusi yenye vitufe vya mpira wa kijivu, transfoma yake, waya wa kuiunganisha na televisheni, na kaseti saba za kawaida, zile zile tulizokuwa tukisikilizia muziki, mbili kati yake zikiwa na maandishi ya wino. Mwalimu mkuu mstaafu aliyekuwapo alisema iliachwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Uingereza katikati ya miaka ya 1980. Vijana wanaosoma hapa wakumbuke kwamba mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini, na ingawa agizo hilo lililegezwa baadaye, kompyuta katika shule ya sekondari ya Nyanda za Juu Kusini wakati ule ilikuwa kitu cha ajabu.

Mashine hiyo ni Sinclair ZX Spectrum, iliyotoka Uingereza mwezi Aprili 1982. Ubongo wake ni chipu ya Z80A inayokwenda kwa megahezi 3.5, na romu yake, yaani chipu yenye programu ya kudumu inayoiamsha mashine, ni ya kilobaiti 16 tu. Kumbukumbu yake ya chini ni chipu nane za 4116, ambazo zinadai volti tatu kwa wakati mmoja: 5, 12 na 5 hasi. Volti hizo zinategemea koili ndogo na transista iliyoandikwa TR4 kwenye bodi. TR4 ikifa, ile 5 hasi inapotea na chipu za kumbukumbu zinaanza kuifuata moja baada ya nyingine, na ndivyo ilivyokuwa kwa hii. Nilibadilisha transista, nikaisuka koili upya, nikaweka chipu tatu nyingine, nikatafuta utepe mpya wa kibodi kwa sababu wa zamani ulikuwa umekauka na kukatika kama jani la mgomba la mwezi wa tisa. Nilipoiwasha, skrini ilitulia ikawa nyeupe, na chini kabisa ukatokea mstari mmoja: © 1982 Sinclair Research Ltd.

Mstari huo ndio ulioleta uzi huu.

Vijana wawili wa chuo cha ufundi wanaofanya mazoezi kwenye karakana yangu walikuwa wamesimama nyuma yangu, na mmoja akauliza kama tunaweza kutengeneza nyingine, hata kumi. Niliona swali lake lina uzito. Katika mashine hii mwanafunzi anaweza kuifuata ishara kwa kidole kutoka kwenye kitufe hadi kwenye kumbukumbu na kutoka kwenye kumbukumbu hadi kwenye skrini, jambo ambalo simu iliyo mfukoni mwake haitamruhusu kamwe. Michoro ya saketi yake imesambaa kila mahali, na sehemu nyingi za bodi ni chipu za kawaida zinazopatikana bado.

Nilipoanza kuuliza watu kuhusu uhalali wake, nilipata majibu ya aina mbili, na yote yalitolewa kwa uhakika mkubwa. Wa kwanza waliniambia kwamba kampuni imekufa zamani, kwa hiyo hakuna wa kunishitaki na kila kitu ni bure. Wa pili waliniambia kwamba kunakili kompyuta ni wizi na nisithubutu hata kuanza. Nimesoma kwa miezi minane sasa, na ninachokiona ni kwamba makundi yote mawili yanajibu swali ambalo halipo. Hakuna kitu kimoja kinachoitwa haki ya kompyuta. Bodi moja ina haki za aina nne au tano juu yake, kila moja ina umri wake, na kila moja inaweza kuwa na mwenyewe tofauti.

Ipo hataza, inayolinda uvumbuzi wenyewe, yaani namna mpya ya kufanya jambo. Kwa kawaida hudumu miaka 20 tangu maombi yalipowasilishwa, kwa hiyo hataza yoyote iliyoombwa mwaka 1982 imekwisha siku nyingi. Upo ulinzi wa mpangilio wa ndani wa chipu, ambao Marekani iliuanzisha kwa sheria ya mwaka 1984 na kuupa miaka 10, nao umekwisha. Ipo hakimiliki ya maandishi, yaani msimbo ulio ndani ya romu, kitabu cha maelekezo, na michoro ya saketi ikiwa michoro kwenye karatasi, na hiyo iko hai kabisa. Ipo alama ya biashara, yaani jina na nembo, ambayo haina mwisho maadamu mwenyewe anaitumia na kulipia usajili wake. Kwa hiyo umeme unaopita kwenye bodi hauna tena mwenye kuudai, lakini maneno yaliyoandikwa ndani ya romu na jina lililo juu ya jaluba vina wenyewe.

Naomba mawazo yenu, hasa wenye ujuzi wa sheria.

Mdau wa Kihesa, Iringa

Fundi, nakupongeza kwa kuiokoa mashine hiyo, lakini naomba nikupinge kwa heshima. Unapotaja hakimiliki iliyo hai, iko hai kwa faida ya nani? Kampuni iliyofilisika haiuzi kitu, haitengenezi vipuri na haijibu barua. Hapa kwetu mtu akiliacha shamba likawa msitu kwa miaka 40, akaja mwingine akalima, akapanda miti, akajenga, kijiji hakitamfukuza kirahisi. Mimi nina kompyuta ya Commodore 64 iliyotoka kwa marehemu baba mdogo, na kampuni yake ilikufa mwaka 1994. Mtu aniambie leo ni nani atakayesimama mahakamani aseme imeibiwa.

Fundi wa Mwanjelwa

Kaka wa Kihesa, mfano wako wa shamba ni mzuri, na mimi mwenyewe nilianzia hapo. Tatizo ni kwamba kampuni inapofilisika haiachi shamba lake porini. Anateuliwa mfilisi, na kazi yake ya kwanza ni kuorodhesha kila chenye thamani ili wadai walipwe: majengo, meza, chipu zilizobaki ghalani, na haki za michoro na majina pia. Ni kama mirathi. Baba akifariki, nyumba haigeuki kuwa ya mpita njia, hata kama watoto wote wako Dar es Salaam na mlango umefungwa kwa kufuli lenye kutu.

Hiyo Commodore yako ni mfano bora kuliko Sinclair yangu, kwa sababu mirathi yake iligawanywa vipande vipande. Kampuni ilitangaza kufunga mwishoni mwa Aprili 1994. Mwaka 1995 mali zake zilinunuliwa na Escom ya Ujerumani, nayo Escom ikafilisika mwaka 1996. Mwaka 1997 upande wa Amiga, kompyuta nyingine ya Commodore, ukanunuliwa na Gateway 2000 ya Marekani, na jina la Commodore likaenda kwa Tulip ya Uholanzi, yaani jina likalala nchi moja na mashine nchi nyingine. Baadaye Gateway iliuza jina la Amiga kwa kampuni ndogo lakini ikabaki na hataza. Kampuni hiyo ndogo ikaingia kwenye kesi ndefu na Hyperion, waliokuwa wakiandika programu endeshi mpya ya Amiga, kesi iliyomalizwa kwa makubaliano mwaka 2009. Hakimiliki za programu za zamani zikafika mikononi mwa kampuni ya Cloanto. Na mwaka 2025 kundi la wapenzi wa mashine hizo wakiongozwa na Christian Simpson lilitangaza kwamba linainunua kampuni inayomiliki alama ya Commodore, na likaanza kuuza Commodore 64 mpya. Kwa hiyo yule uliyeuliza kama yupo, yupo, na safari hii ana duka lililo wazi.

Kuna jambo jingine ndani ya mashine yako ambalo watu wengi hawalijui. Lugha ya kuandikia programu, BASIC, inayokupokea ukiiwasha haikuandikwa na Commodore kuanzia mwanzo, bali inatokana na BASIC ya Microsoft ya chipu ya 6502, ambayo Commodore walipewa leseni yake. Mwezi Septemba 2025 Microsoft waliutoa msimbo wa BASIC hiyo kwa leseni huria. Lakini sehemu nyingine ya romu, ile inayoshughulika na kibodi, kaseti na diski, ni kazi ya Commodore wenyewe na haikuguswa na ruhusa hiyo. Kwa hiyo ndani ya mashine moja una maandishi yaliyofunguliwa na mwenyewe na maandishi yaliyofungwa, yakiwa jirani kama nyumba mbili zenye ukuta mmoja.

Unaponiambia mwenyewe hajibu barua, nakubali kwamba hilo linatokea na linaumiza. Sheria ya Marekani inaipa kazi ya kampuni miaka 95 tangu ilipochapishwa, maana yake ni kwamba msimbo uliotoka mwaka 1982 utalindwa mpaka mwisho wa 2077. Kwa maoni yangu muda huo haufai hata kidogo kwa programu ya kompyuta. Kaseti na chipu havikai miaka 95. Romu inaharibika, wahandisi wanazeeka na kufariki, na siku haki itakapokwisha huenda kitakachokuwa huru ni jaluba tupu. Nitaendelea kulisema hilo popote nitakaposikilizwa. Lakini kuilaumu sheria ni jambo moja, na kumwambia kijana wa miaka 19 kwamba sheria haipo ni jambo jingine, kwa sababu yeye ndiye atakayeweka jina lake kwenye bodi na kuipeleka sokoni.

Nikuongezee kisa kimoja kinachoonyesha jinsi kitu na haki vinavyotengana. Atari, kampuni ya michezo ya kompyuta, baada ya kupitia mikononi mwa kampuni ya JTS, iliuzwa kwa Hasbro, watengenezaji wa vitu vya kuchezea, mwaka 1998. Mwaka 1999 Hasbro walitangaza kwamba haki zao juu ya mashine ya michezo ya Jaguar wanaziachia umma, yeyote aiandikie programu bila kuomba leseni. Zile kalibu za chuma zilizokuwa zikimwagiwa plastiki ya jaluba la Jaguar ziliuzwa kivyake kwa watengenezaji wa vifaa vya madaktari wa meno, wakazitumia kutengenezea jaluba la kamera ya kupigia picha kinywani. Aliyenunua kalibu hakununua mchezo hata mmoja, na aliyekuwa na haki ya michezo hakuwa na kalibu.

Wakili wa Njombe

Shikamoo fundi, na salamu kwa wote. Nimesoma uzi huu wote kwa makini, na naomba niongeze ya upande wa sheria kwa kadiri yanavyotuhusu sisi tulioko Tanzania.

Hataza ni haki ya mipaka ya nchi. Inayosajiliwa Marekani au Uingereza haina nguvu hapa mpaka isajiliwe chini ya Sheria ya Hataza ya mwaka 1987 kupitia BRELA, wakala wetu wa usajili wa biashara, au iombwe kupitia ARIPO, shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika lililoko Harare, na Tanzania itajwe katika maombi. Kwa hiyo hata kabla ya kuhesabu miaka, swali la kwanza ni kama hataza hiyo iliwahi kufika kwetu. Alama ya biashara nayo husajiliwa nchi kwa nchi, ingawa mtu anayetumia jina la mwingine ili kuwapoteza wanunuzi anaweza kudaiwa hata bila usajili.

Hakimiliki haiendi hivyo, na hapa ndipo watu wanapoteleza. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu mwaka 1994, na sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999. Chini ya mkataba huo, kazi ya Mwingereza inalindwa hapa bila yeye kuja kuiandikisha, na kazi ya Mtanzania inalindwa kule vivyo hivyo. Programu za kompyuta zimo. Kuandikisha COSOTA, taasisi yetu ya hakimiliki, kunasaidia sana katika kuthibitisha umiliki, lakini haki haizaliwi siku ya kuandikisha, inazaliwa siku kazi ilipotungwa. Muda wa jumla katika sheria yetu ni maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake.

Kuhusu kampuni iliyofutwa bila mtu kununua haki zake, Uingereza wana kanuni ya zamani kwamba mali isiyo na mwenyewe inaangukia kwa Taji, yaani dola. Hata pale mfilisi aliposahau kuiandika haki kwenye orodha, na kampuni ikafutwa, haki hiyo ina pa kwenda. Mali bila daftari huisha bila habari, lakini kule haiishi, inabadilisha mikono kimya kimya. Tangu mwaka 2014 pia wana utaratibu wa kutoa leseni kwa kazi ambazo wamiliki wake wametafutwa kwa bidii na hawakupatikana. Ni njia nyembamba, ila ipo.

Nina swali moja kwako fundi. Umesema hakimiliki ya romu ya Spectrum iko hai, lakini hujatuambia iko kwa nani. Je, aliyeiandika alikuwa mwajiriwa wa Sinclair? Kazi ya mwajiriwa kwa kawaida ni ya mwajiri, lakini kazi ya mtu au kampuni iliyopewa tenda hubaki kwa aliyeiandika mpaka pawepo maandishi ya kuihamisha.

Fundi wa Mwanjelwa

Marahaba dada wakili. Swali lako limenigusa pale pale nilipokwama kwa wiki mbili.

BASIC ya Spectrum iliandikwa na Nine Tiles, kampuni ndogo ya Cambridge iliyopewa kazi hiyo na Sinclair. Kwa hiyo kwa maelezo yako kuna karatasi moja ambayo ningependa sana kuiona, ile ya makubaliano yao, na sijaiona. Kinachojulikana wazi ni upande wa pili. Aprili 1986 Sinclair aliiuzia Amstrad biashara yake ya kompyuta, pamoja na jina, kwa pauni milioni 5. Mwaka 2007 Amstrad ilinunuliwa na Sky, wale wa televisheni ya setilaiti, na mwaka 2018 Sky yenyewe ikanunuliwa na Comcast ya Philadelphia, Marekani. Vitufe vile vya mpira nilivyovikuta kwenye bati la biskuti vimepandishwa ngazi hadi kwenye moja ya kampuni kubwa za mawasiliano duniani. Waliotengeneza ZX Spectrum Next, toleo jipya la mashine hii, mradi uliochangiwa na watu zaidi ya pauni 700,000 mwaka 2017, walikwenda kwa Sky kuomba leseni ya jina, wakapewa.

Na kuna jambo la heri katika historia hiyo. Mwaka 1999, mtumishi wa Amstrad aitwaye Cliff Lawson aliandika hadharani kwa niaba ya kampuni kwamba wanaotunga programu za kuiga Spectrum, yaani zinazoifanya kompyuta nyingine itende kama Spectrum, wanaruhusiwa kuzisambaza pamoja na nakala ya romu. Sharti lilikuwa kwamba ujumbe wa hakimiliki usibadilishwe, na walipenda itajwe kwamba Amstrad wametoa ruhusa huku wakibaki na haki yao. Aya chache tu, hazikuwagharimu kitu, na zimewafanya maelfu ya watu wafanye kazi yao kwa amani kwa zaidi ya miaka 25. Nawaheshimu sana kwa hilo. CP/M, programu endeshi ya kompyuta ndogo za zamani, nayo ilipata bahati kama hiyo: baada ya Digital Research walioimiliki kumezwa na Novell mwaka 1991 na haki kupita kwa Caldera, hatimaye ruhusa ya kuisambaza ilitoka mwaka 2001, na maneno yake yakafafanuliwa tena mwaka 2022 kwa sababu watu walikuwa bado wanabishana yalimhusu nani.

Hata hivyo, ruhusa ya Amstrad ilielekezwa kwa waandishi wa programu za kuiga. Mimi nataka kuchoma romu kwenye chipu na kuiuza ndani ya bodi. Siwezi kuinyoosha ruhusa ya mtu mpaka ifike ninapotaka mimi.

Mwanafunzi wa Iyunga

Shikamoo mzee. Mimi ni mmoja wa wale vijana wawili. Kama romu hairuhusiwi, bodi itawaka vipi? Bila romu si ni bati tu?

Fundi wa Mwanjelwa

Marahaba mwanangu. Bila romu ni bati kweli, lakini romu si lazima iwe ile.

Mwaka 1983 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kesi kati ya Apple na Franklin. Franklin walikuwa wametengeneza kompyuta inayofanana na Apple II, na programu endeshi yake waliinakili moja kwa moja, kiasi kwamba ndani ya diski yao lilikutwa jina la mtunzi mmoja wa Apple na neno Applesoft. Walijitetea kwamba programu iliyochomwa kwenye romu ni kipande cha mashine na haiwezi kuwa na hakimiliki. Mahakama ikakataa. Tangu hapo ilijulikana kwamba msimbo wa romu ni maandishi kama kitabu.

Wakati huo huo Compaq walikuwa wanapita njia nyingine. IBM walikuwa wamechapisha michoro na msimbo wa romu ya kompyuta yao ya mwaka 1981 katika kitabu cha kiufundi, kila mtu angeweza kuusoma. Compaq waligawa watu wao makundi mawili. Kundi la kwanza lilisoma romu ya IBM na kuandika maelezo tu: ukiita huduma hii, ukaipa namba hii, itakurudishia jibu hili. Kundi la pili, la watu ambao hawajawahi kuuona msimbo ule, lilipewa maelezo hayo likaandika msimbo wake lenyewe tangu mwanzo. Tabia ya mashine ikawa ile ile, maneno yakawa tofauti. Hakimiliki inalinda maneno, na kazi ambayo maneno hayo yanaifanya hubaki wazi kwa mwingine aifanye kwa maneno yake.

Njia hiyo imefuatwa na wengi baadaye. Wapenzi wa kompyuta za MSX wana C-BIOS, wa Amiga wana AROS, na wale wa mradi wa MEGA65 wameanza romu huria za Commodore 64. Kwa hiyo wewe na mwenzako mtagawana. Yeye ameshasoma kitabu cha romu ya Spectrum, huyo atakuwa mwandishi wa maelezo. Wewe usikifungue kabisa. Kila siku mtaandika kwenye daftari mlichofanya, kwa tarehe na sahihi, kwa sababu siku mtu akiuliza, daftari hilo ndilo litakalojibu. Mnaweza kuanza na kidogo: kusoma kibodi, kuchora herufi kwenye skrini, kupokea na kutuma kaseti. BASIC itafuata.

Kuhusu bodi, tutachora njia za shaba upya kutokana na mantiki ya saketi, hatutapiga picha ya bodi ya Sinclair na kuifuatisha mstari kwa mstari. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 inasema kwamba kutengeneza kifaa kwa kufuata mchoro wake hakuvunji hakimiliki ya mchoro, isipokuwa kifaa chenyewe kiwe kazi ya sanaa, lakini mimi nataka mkono wenu wenyewe uonekane pale. Chipu ngumu ni moja tu, ile ya Ferranti inayoshughulikia picha, ambayo haitengenezwi tena na kampuni yake ilianguka mwaka 1993. Mhandisi Mwingereza, Chris Smith, aliichunguza mpaka ndani ya silikoni na kuandika kitabu kinachoeleza inavyofanya kazi, na kazi yake inaweza kujengwa kwa chipu ndogo ndogo za kawaida. Zilog nao waliacha kupokea oda za Z80 ya asili mwezi Juni 2024, kwa hiyo tununue zilizobaki mapema. Na jina la bodi halitakuwa Sinclair wala Spectrum. Mmependekeza Loleza, na kila asubuhi tukifungua karakana mlima huo ndio tunaouona. Litabaki hilo.

Mdau wa Kihesa, Iringa

Nimesoma na nimekubali sehemu kubwa. Ninachobaki nacho ni hasira ya ile 2077, na sidhani kama nitaiacha. Nitaiandikia kampuni mpya ya Commodore niulize kuhusu romu, kwa kuwa umenionyesha mlango. Ila fundi, umetaja kaseti saba mwanzoni na hujazirudia. Zina nini?

Fundi wa Mwanjelwa

Kaka, umenikumbusha jambo ambalo nililiweka kando kwa makusudi mpaka nipate ruhusa ya kulieleza, na nimeipata juzi.

Tano ni michezo ya dukani ya Uingereza, na hizo nimezihifadhi bila kuzinakilia mtu. Zile mbili zenye wino ni kazi ya hapa hapa. Moja imeandikwa Matokeo Kidato cha Pili B, na jina la mwanafunzi. Niliiweka kwenye redio ya kaseti, mistari myekundu na samawati ikazunguka pembeni mwa skrini, halafu ya njano na bluu, na baada ya dakika moja hivi ikatokea orodha ya masomo kwa Kiswahili, na mwishoni mwa kila mstari neno UMEFAULU au RUDIA. Mtoto wa kidato cha tatu, mwaka 1986, aliandika programu ya kujumlisha alama za wenzake na kutafuta wastani.

Dada wakili, nilikumbuka maneno yako. Hakuwa mwajiriwa wa shule, hakupewa tenda na mtu. Programu ile ni yake. Nilikuwa nimetumia miezi minane kumtafuta mwenye haki huko Cambridge, London na Philadelphia, na mwenye haki mmoja alikuwa Tukuyu. Mwalimu mkuu mstaafu alinielekeza. Ni mzee sasa, alistaafu kazi ya uhasibu, ana migomba na kahawa. Nilimpigia simu, akanyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama ile kamba ya katani bado ilikuwa imefungwa, kwa sababu alikuwa ameifunga yeye.

Alikuja karakana Jumamosi. Aliketi mbele ya televisheni, akaandika LIST kwa kidole kimoja, akasoma programu yake mstari kwa mstari bila kusema neno. Mstari wa 10 ni maelezo tu, kompyuta inaupita bila kufanya chochote: una jina lake, jina la shule na mwaka. Vijana walimwomba wapewe nakala ili iwe programu ya kwanza kufundishia kwenye Loleza. Alisema wachukue, wairekebishe watakavyo, hata wauze bodi ikiwa ndani yake.

Halafu akageuka akaniambia, "Ila mstari wa 10 usiguswe."